Julai Yangu ya Nne

Niseme mapema, mtu asije akanisikiliza kwa huruma: mimi ndiye niliyesema uongo. Niliusema mwezi wa Machi, nimekaa mlangoni kwangu, kisu mkononi na beseni la mboga za miiba mapajani, na sikuona haya hata kidogo. Ulikuwa uongo wa maneno manne tu. Nilikuwa nimekusudia kuipata Julai yangu ya nne na mume wangu, na kwa ajili hiyo ningesema hata maneno mia.

Mume wangu ni Crisanto. Mfupi, mpana, miguu ya matege, na maneno anayatoa kama mtu anayetoa meno. Kwa miaka thelathini na minne kazi yake ilikuwa kuchuna magome ya mialoni, yale yanayotengenezwa vizibo vya chupa. Kila mti huchunwa, kisha unaachwa miaka tisa uvae gome jipya, ndipo unarudiwa. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Hufanywa na jozi, mmoja chini na mwingine kwenye panda za mti, na jozi ikishafungwa haifunguliwi ovyo. Kijijini kwetu wapo waliobadilisha wake. Aliyebadilisha jozi simjui.

Jozi ya Crisanto ni Eufemio. Mrefu, mkavu, hajaoa, ana sauti nzuri ya kuimba na anaijua. Ananiita shemeji tangu siku ya harusi, na kila akiniita hivyo mimi hukaza meno.

Magome huchunwa kuanzia Juni hadi Agosti, joto linapowaka na mti kukubali kuachia. Miezi hiyo wanaume walihamia msituni, wakalala kambini na nyumbu wa mizigo, wakarudi Jumamosi jioni kuoga na kubadilisha shati. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kuamka asubuhi ya Julai na mume kando yangu, isipokuwa Jumapili, na Jumapili alilala kama gogo. Crisanto huongea usingizini, lakini wakati wa joto tu. Kwa hiyo aliyeyasikia ya moyoni mwake ni Eufemio. Mimi niliachiwa miezi ya baridi, akiwa bubu.

Binti yetu Inés alizaliwa tarehe kumi na tisa Julai. Habari ilipelekwa msituni na mwenye nyumbu, na siku ya tatu Crisanto akafika, nyuma yake Eufemio. Mikono ya Crisanto ilikuwa myeusi kwa maji ya magome, weusi ule usiotoka mpaka Oktoba, akaogopa kumshika mtoto kwenye shuka jeupe. Eufemio msimu ule alikuwa amevaa glavu kwa sababu ya kidonda, akazivua, mikono safi kabisa, akampokea yeye kwanza. Picha ipo mpaka leo sebuleni. Yupo mtoto, yupo Eufemio, yupo mume wangu pembeni anacheka. Mimi simo, kwa sababu ndiye niliyeshika kamera.

Wala asidhani mtu kwamba Crisanto ni mwanamume wa wivu. Mwaka mmoja kwenye sherehe za kijiji, fundi saa mmoja kutoka La Línea alicheza nami nyimbo nne mfululizo, na mkono wake hakuuweka mahali pa heshima. Nilimwachia makusudi. Nikawa namwangalia mume wangu kwa jicho la pembeni nione kama atakuja kunichukua. Alikuwa amenishikia mkoba, anazungumza na Eufemio habari za mpini wa shoka.

Halafu kuna lile neno lao. Chini ya gome kuna ngozi laini yenye rangi ya siagi, na wachunaji huiita mama. Shoka likiingia kwa mama, mti unabaki na kovu maisha yake yote, ndiyo maana nyapara akikuta jeraha huuliza nani amekata. Jibu ni moja tu, na hawakulianzisha wao, babu zao walilijibu hivyo hivyo: "Ni sisi." Mwenye kosa hatajwi. Jozi nzima inaadhibiwa, na neno hilo likishasemwa hakuna ruhusa ya kuuliza tena. Msimu wao wa nne, mimi nina mimba ya Inés, walirudishwa nyumbani wiki mbili za Juni kwa jeraha refu kama mkono. Usiku nikamwuliza kitandani, polepole, kama mke anavyomwuliza mumewe: kati yenu ni nani?

"Ni sisi," akasema, akanigeuzia mgongo.

Mpaka leo sijui. Nimezaa naye, nimemzika naye mama yake, nimemkata kucha alipovunjika mkono, lakini mle ndani ya "sisi" yao sikuwahi kuingizwa hata ukucha. Hakuna neno nililolichukia kama hilo.

Basi, goti la kulia likamharibikia, na alipofikisha miaka sitini na mitano akaliweka shoka juu ya kabati. Eufemio naye akaacha mwaka huo huo, akisema hawezi kuanza kufundishana na mtu mwingine. Nikapata Julai yangu ya kwanza. Niliamka saa kumi na mbili nikamkuta yupo, mdomo wazi, anaongea usingizini. Alikuwa anamwambia mtu ashuke, mti hautoi gome. Sikujali. Nililala pale nikimsikiliza mpaka jua likafika kwenye mto. Tulikwenda baharini Algeciras, tukala konokono wa mchuzi kibarazani, akajifunza kutengeneza kahawa na akaiunguza kila siku. Julai ya pili na ya tatu zikawa hivyo hivyo. Eufemio alikuja saa kumi jioni kucheza dhumna, akaondoka saa moja, na hilo niliweza kulimeza, maana saa moja alikwenda kwake na Crisanto akabaki kwangu.

Sasa turudi kwenye mboga zangu za Machi. Crisanto alikuwa amekwenda kunyolewa. Eufemio akaja mbio mbio, kofia mkononi, uso umemng'aa kama wa bwana harusi.

"Shemeji, mzee yupo?"

Nikamwambia hayupo. Hakuweza kungoja. Akanieleza kwamba watu wa hifadhi, maana msitu wetu siku hizi ni hifadhi na wageni huja na darubini kutazama tumbusi, wanatafuta jozi ya kuwaonyesha wageni jinsi gome linavyochunwa. Kuanzia Juni hadi Agosti, miti michache tu, polepole. Crisanto angebaki chini kwa ajili ya goti, yeye angepanda juu.

"Ijumaa na Jumamosi tutalala kule kule kwenye nyumba ya walinzi," akasema. "Kama zamani, shemeji."

Asingesema "kama zamani", labda ningenyamaza. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikaendelea kuparua miiba, sikumtazama.

"Hataki kusikia habari hiyo," nikasema.

Akaniuliza ina maana mzee ameshasikia? Nikamwambia ameshasikia, na amesema hataki hata kuliona shoka. Akaizungusha kofia yake mara mbili, akaivaa, akaenda zake bila kuaga. Ningemfahamu vizuri zaidi, ningejua alichoelewa: kwamba mwenzake amemkataa, tena kwa mdomo wa mwanamke, hakuthubutu hata kumtazama usoni.

Jioni hiyo hakuja. Crisanto alipanga dhumna mezani saa kumi, akangoja, akazirudisha kwenye kisanduku. Wiki nzima alizipanga na kuzirudisha. Wanaume wale wamezoea kufanya kazi bila kusemezana, kila mmoja anamsikiliza mwenzake kwa mlio wa shoka, na watu wa namna hiyo wakinuniana ndiyo basi. Mwezi wa Mei Crisanto akarudi kutoka baa, ambako ndiko aliisikia kazi ya hifadhi mara ya kwanza, uso umemshuka.

"Kamchukua Abelardo," akasema.

Nikajitia hamnazo, nikauliza Abelardo yupi.

"Mkwe wa mwoka mikate. Yule wa hereni. Misimu mitatu tu kafanya, mitatu, na ya mwisho alikuwa anabeba maji."

"Si umwulize Eufemio mwenyewe?"

"Mtu kakupa kisogo, utamwuliza nini? Utakiuliza kisogo?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyofanya mwaka ule. Nilidhani nitafurahi. Niliyataka haya: Eufemio kule, mume wangu hapa. Lakini nilichopata hapa hakikuwa mume, ilikuwa homa. Aliacha kula. Niliweka konokono mezani mwezi wa Juni, wenye minti na pilipili, akasukuma sahani. Alilishusha shoka kabatini, akalinoa uani, akalirudisha, kesho yake akalinoa tena. Jumamosi alikuwa anazunguka nyumba tangu alfajiri akitazama saa: sasa wanapanda, sasa Abelardo keshakosea, sasa wanakula. Usiku hakuongea tena usingizini, kwa sababu hakulala.

Na mimi nikawa na wivu juu ya wivu wake. Nieleweni. Kwa fundi saa wa La Línea hakuweka hata mkoba wangu chini. Kwa Abelardo na hereni yake, mwanamume wa miaka sitini na minane anakonda. Nilikuwa nikimtazama akizunguka uani na nikajiambia: mimi sijawahi kuzungukiwa hivyo hata siku moja.

Wiki ya pili ya Julai akaniambia nimpigie Inés simu huko Ronda, atuombee kibali.

"Kibali cha nini?"

"Cha kwenda hifadhini. Jumamosi. Kama wageni."

Kama angekwenda wakakutana, neno moja tu lingetosha kunianika. Nikamwambia goti lako, jua kali, tutachekwa. Akasema kama sitaki atakwenda peke yake. Nikajua afadhali niwepo, ingawa sikujua nikiwepo nitafanya nini.

Jumamosi tukapanga mstari kwenye kibanda cha hifadhi na wageni kumi na wanne, Wajerumani, walimu wa kutoka Sevilla, na kijana mmoja mwenye kamera kama pipa. Tulipewa karatasi ya kutia sahihi kwamba hatutatoka nje ya njia, hatutagusa mti, hatutachuma kitu. Crisanto aliisoma yote, kidole kikifuata mstari. Alikuwa ameshika kila mti wa bonde lile, na mingine mara nne. Akatia sahihi.

Kiongozi wetu alikuwa msichana wa hifadhi, Nieves, mpole, mwenye daftari linaloning'inia shingoni. Akatupitisha chini ya mialoni, penye makangaga na kijito kilichokauka, akatuonyesha namba nyeupe zilizoandikwa kwenye mashina, tarakimu ya mwaka mti ulipochunwa. Alituonyesha mti mdogo uitwao mdronyo, akasema matunda yake yakiiva kupita kiasi hulevya. Crisanto, niliyewahi kumvua viatu akiwa hajiwezi kwa matunda hayo, hakumsikia. Alikuwa haangalii miti. Alikuwa amegeuza sikio. Tulikuwa bado hatujaona kitu aliponishika mkono.

"Shoka la Eufemio hilo," akasema.

Mimi nilisikia kware tu. Miaka thelathini na saba ya ndoa, gauni jipya hulitambui mpaka uambiwe, lakini shoka hilo unalitambua kilima kizima kikiwa katikati. Nikauvuta mkono wangu.

Tukafika uwazini. Kamba ilikuwa imefungwa kuzunguka mwaloni mmoja mnene, na ndani ya kamba walikuwepo wao, Eufemio juu kwenye panda na Abelardo chini. Pale chini ndipo palipokuwa mahali pa Crisanto. Mume wangu akajificha nyuma ya Mjerumani mrefu kuliko wote, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Upepo wa mashariki ulikuwa umevuma tangu Alhamisi, na upepo ule hukausha mti ukang'ang'ania gome lake. Hata mimi najua. Eufemio alikuwa akigonga kwa kisigino cha shoka, akisikiliza, na kila mara ilimbidi aseme: ngoja, sasa, si hapo, shuka kidogo. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Nikamtazama Crisanto. Alikuwa anatabasamu, Mungu amsamehe. Kila Abelardo alipokosea mapigo, yeye alipata nafuu, rangi ikamrudi mashavuni. Lakini mikono yake haikuwa inacheka. Ilikuwa mapajani, imeshika shoka lisilokuwepo, na kila Eufemio alipopiga juu, ya kwake ilijibu chini, kwa wakati wake kabisa. Nilitamani kuifunga kwa kitambaa changu cha kichwa.

Hapo Abelardo akapiga kwa haraka, nasi sote tukasikia. Haukuwa mlio wa gome. Ulikuwa mlio wa kitu kibichi. Kipande kikaanguka, na pale kwa mama pakaonekana mkato mrefu, unatoa maji.

Nieves akaingia ndani ya kamba, kalamu mkononi. Mti wa hifadhi ukijeruhiwa lazima uandikwe, namba ya mti na aliyejeruhi. Wala hakuwa na ukali, alifuata tu daftari lake.

"Ni nani amekata hapa?" akauliza.

Abelardo akanyoosha kidole juu. "Huyu mzee ananiharakisha," akasema.

Nilimwona Eufemio akipauka. Katika maisha yake ya msituni hajawahi kusikia jibu hilo. Akafungua mdomo kulisema lake, lile la pekee analolijua.

"Ni sisi."

Lakini sauti zilikuwa mbili. Ya pili ilitoka nyuma ya Mjerumani. Crisanto hakukusudia, naapa. Lilimtoka tu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Mtu mzima, mgeni mwenye kibali, amesimama nje ya kamba hatua kumi kutoka kwenye mti, anakiri kosa la mtu mwingine. Watu kumi na wanne wakageuka kumtazama. Mjerumani akasogea pembeni kwa adabu, na mume wangu akabaki wazi na kofia yake.

Eufemio alishuka mtini bila haraka. Akaja mpaka kwenye kamba. Wote wawili walikuwa wamevimba kama majogoo, na mimi kando yao, natafuta pa kujificha kwenye msitu wa miti minene na sipaoni.

"Umefuata nini?" Eufemio akauliza.

"Nimekuja kutembea. Nina kibali."

"Si ulisema hutaki hata kuliona shoka?"

"Nilisema lini?"

"Machi. Ulikataa. Shemeji ndiye aliyeniambia."

Basi. Kilichobaki kilikuwa kunitazama, na Crisanto akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Yalipita machoni mwake yote, nami niliyaona yakipita moja moja: dhumna mezani saa kumi, mimi kuuliza Abelardo yupi, konokono, kwa nini nilimwambia goti lako. Nikangoja aseme ni huyu. Ilikuwa haki yake. Fundi saa wa La Línea angesema, Abelardo alikuwa ameshasema, mwanamume yeyote angenyoosha kidole.

Aligeuza sikio kama anavyofanya akisikiliza kama mti utatoa gome.

"Ni sisi," akasema. "Tulikataa sisi. Sasa tumebadili mawazo."

Eufemio alinitazama mara moja tu, akainamisha macho. Yeye alijua kuliko wote neno hilo lina maana gani, na kwamba likishasemwa hapaulizwi tena. Mpaka leo hajaniuliza. Wageni hawakuelewa chochote, mmoja wa walimu aliniuliza kama ni mchezo wa kuigiza. Mimi nilikuwa nalia, nikasema ni vumbi la upepo.

Crisanto akainua mguu avuke kamba, goti likakataa. Nieves akasema, "Babu, samahani, wageni hawaruhusiwi kupita hapo."

"Huyo si mgeni," Eufemio akamwambia.

Msichana akatazama karatasi zake za sahihi, akatutazama sisi, akaishusha kamba kwa mkono wake. Hata ikiwa chini, goti halikutaka. Nikampa bega langu. Alilishika, akavuka, akaliachia. Abelardo alimpa shoka bila kuambiwa, akaenda kukaa kivulini na chupa ya maji, na nadhani alishukuru.

Halafu hawakusemezana tena. Eufemio alipanda, Crisanto akagonga kwa kisigino cha shoka, akahama kidogo, akagonga, wakaanza. Juu, chini, juu, chini. Sikujua kwamba ni kitu cha kusikiliza. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaza kambi, mazungumzo, vicheko, siri zao kando ya moto, na kumbe kilichokuwa kikinila ni mlio huu, watu wawili wanaulizana na kujibiana bila neno. Mti uliokuwa umeng'ang'ania ukaanza kuachia. Gome likatoka zima, kipande kirefu kama mlango, Crisanto akalipokea kifuani, na wageni wakapiga makofi. Yeye hakuwasikia. Alikuwa ametazama juu na Eufemio ametazama chini, na nyuso zile sitazisahau. Nilikuwa nimesimama nje ya kamba na kofia aliyoniachia na mkoba. Niliona wivu mpaka fizi zikaniuma, palepale, muda mfupi tu baada ya kusamehewa. Kama kuna mke atakayesema yeye asingeona, namwonea huruma.

Nieves akaja kusimama kando yangu, daftari wazi. Akaninong'oneza kwamba bado ana tatizo. Mti namba mia moja na kumi na mbili una jeraha, na ofisini hawatakubali aandike "sisi". Wanataka jina la mtu mmoja. Je, bibi, mimi ninawafahamu hawa wazee, aandike nani?

"Andika Salud Barroso," nikamwambia.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

Akacheka, akasema lakini bibi, wewe hukushika hata shoka. Nikamwambia andika tu, mwanangu, jeraha ni langu. Akanitazama usoni, akaacha kucheka, akaandika.

Sasa kazi ya hifadhi ni ya Crisanto na Eufemio; Ijumaa namfungia mume wangu mkate, jibini na shati safi, anaondoka saa kumi na moja jioni na kurudi Jumapili. Julai yangu ya nne imebaki siku nne nzima kwa wiki, nami nazihesabu. Jumatatu alfajiri huwa naamka mapema makusudi, nimsikilize akiongea usingizini. Wiki iliyopita alisema, wazi kabisa, "Subiri, Salud anakuja," na sikumwamsha kumwuliza nilikuwa nakwenda wapi.